Binti Aliyelamba Jiwe Kabuchai

Jumanne iliyopita, saa nne na dakika kumi asubuhi, wanafunzi wa jiolojia kutoka chuo kikuu walikuwa wakichunguza miamba kando ya shamba langu hapa Kabuchai. Binti mmoja alivunja jiwe kwa nyundo, akalilamba. Jirani yangu, mama mwenye wajukuu, akaangusha jembe.

“Ai, binti! Unakula mawe? Mimba ya miezi mingapi?”

“Si mimba, mama. Tunaonja tujue kama ni udongo wa mfinyanzi ama mchanga.”

“Ati mchanga! Hata mimi nilimdanganya mama yangu hivyo. Leta namba ya babako.”

Binti alikaribia kulia. Ili kumtetea, mhadhiri wao mwenye mvi akalichukua jiwe lile lile, akalilamba.

Watu wa Kitale waliosikia kisa hiki wanadai alilimeza. Si kweli. Alitema, na jirani akamletea kiti: “Keti, baba. Kwa hali yako usisimame sana.”