Mama Aliandika Taa

Mama yangu alitunga wimbo mmoja tu maishani mwake. Alikuwa muuguzi Makambako, baba akiendesha lori la Zambia, na katika kumngoja alisikiliza sana muziki wa kantri redioni, akajifunza gita la kanisani. Wimbo wake ni wa mke wa dereva. Bendi moja ya dansi iliupenda, ikaurekodi, jina la mama lisiandikwe popote. Baadaye kwaya fulani ikaugeuza, dereva akawa Yesu. Kisha mwimbaji wa kantri kutoka Kenya akaurekodi upya, na hapo ndipo ulipovuma. Mama hakulalamika. Aliyeumia ni mimi.

Jumamosi moja mchana, huku China ninakofanya biashara, nilitoka soko la Shahe kununua nguo za watoto, nikaingia mgahawa mmoja wa mtaa wa Xiaobei kula wali. Mkenya mmoja, mwanafunzi wa uzamivu, alikuwa akipiga gita karibu na kaunta. Akaanza wimbo wa mama. Kula kukanishinda.

Alipomaliza nilimuuliza kama anajua wimbo ule ni wa nani.

"Ni wa zamani tu, dada. Hauna mwenyewe."

"Unaye. Yuko Makambako, amestaafu."

Alidhani natania. Nikampigia mama kwa video, nikaiegemeza simu kwenye chupa ya pilipili. Mkenya akamwamkia shikamoo, akauimba wote tena. Watu waligeuza viti kumtazama. Hata mpishi alitoka jikoni.

Mama alisikiliza hadi mwisho.

"Sauti unayo, mwanangu," alisema. "Ila kwenye kiitikio mnakosea wote, tangu ile bendi. Mnaimba 'nakungoja na njaa'. Mimi niliandika 'nakungoja na taa'."

"Kumbe, mama?"

"Mwandiko wangu ulikuwa wa kihospitali, hawakuusoma vizuri. Lakini njaa ya nini, na mshahara wangu ninao? Nilikuwa nawasha taa dirishani, mume wangu aione akiwa bado barabarani."

Mimi mwenyewe nilikuwa nimeimba njaa tangu utotoni. Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kusema.

"Nani aliniuliza?"

Wiki iliyofuata Mkenya aliurekodi bwenini kwake, gita na sauti tu, na kwenye nafasi ya mtunzi akaandika jina la mama. Niliwapigia wazazi wausikie. Mama akaomba urudiwe. Baba, ambaye siku hizi haoni vizuri, alisogea karibu na simu akasema, "Sasa ndio wenyewe."

Siku hizi nauweka nikifunga mizigo. Juzi laoban, yaani bosi wa ghala la kago, aliniuliza ni nani huyo anayeimba. Kichina changu ni cha sokoni, hakifiki kwenye habari za lori na Zambia. Nilimwambia anayeimba ni rafiki, lakini maneno ni ya mama yangu. Akaninyooshea kidole gumba, akaniambia niongeze sauti.