Gari la Sebuleni kwa Edelmira

Nyumbani kwa Edelmira, ukigonga na kuambiwa karibu, cha kwanza kukupokea ni bampa. Gari limeegeshwa sebuleni, pua imeelekea barabarani kama ng'ombe anayengoja kufunguliwa zizi, na viti viwili vya kubembea vimesukumwa ukutani, hata mgeni mnene hana budi apite kwa ubavu. Pale mjini Palmira hakuna wa kushangaa. Ukiliacha gari nje, jua litakula rangi, mvua itakula bati, na binadamu watakula kilichobaki.

Ni Shevrole la mwaka hamsini na mbili. Baba mkwe wa Edelmira alilinunua jipya, mwanawe Leovigildo akalirithi, akabomoa mlango wa mbele wa nyumba na kuweka mwingine mpana ili lipite. Leovigildo alipokufa, likabaki na mjane ambaye hata kuliwasha hajui. Tangu hapo limesimama, tairi zimelegea upande mmoja kama mtu aliyechoka foleni ya mkate.

Lakini msimwonee huruma Edelmira. Alilitumia gari lile kuliko wengi wenye magari yanayotembea.

Kila alasiri, mawingu yakishajaa na umeme ukikatika kama kawaida yake, aliweka kando cherehani, akajimiminia kahawa kwenye kikombe kidogo, akafungua mlango wa upande wa abiria na kuketi. Kiti cha dereva hakukigusa. Kile kilikuwa cha Leo, ndivyo alivyomwita marehemu mumewe. Alifunga mlango, nao ulifunga kwa mlio mzito kama kabati la sakristia. Mbele yake, kupitia kioo, mlango mpana ulikuwa wazi na mvua ikishuka mtaani. Maji yalikuja kwa kasi kutoka juu ya mtaa, yakabeba majani na maganda ya maembe, yakapita. Ukiyatazama maji yale kwa utulivu, macho yanalegea. Mara maji yanasimama, na gari ndilo linaloondoka.

Hapo Edelmira alisafiri. Mashamba ya miwa yalimpita kushoto, mitende mirefu ikapita kulia, moja moja, kama wanawake waendao kanisani bila haraka. Leo alikuwa kwenye usukani, haongei, anaimba puani. Walikuwa wanakwenda Trinidad, na kila alasiri walifika. Aliyaona mawe ya barabara yake, madirisha yenye fito za mbao, kuta za rangi ya ndizi iliyoiva, mwanamke mmoja barazani anakuna nazi. Leo alizima gari, akasema, "Haya mama, tumefika," na Edelmira akashuka.

Kweli alishuka, maana mvua ilikuwa imekatika na Yanela, binti yake, ameingia kutoka kazini kwenye duka la dawa, viatu mkononi.

"Umefika wapi leo, mama?"

"Trinidad."

"Kuna mayai huko?"

"Yapo, ila foleni ndefu."

Walitaniana hivyo miaka yote. Mwaka ule utani ukapungua, kwa sababu Yanela alikuwa na mimba. Mumewe alikuwa bado analala kwa mama yake, nyumba ambayo watu wanalala kwa zamu, na kwa Edelmira chumba kilikuwa kimoja. Mtoto angekuja Septemba. Walikaa jikoni mama na mwana, wakakubaliana bila ugomvi: gari liuzwe, ukuta ujengwe kukata sebule mara mbili, na huyo mume aje alale na mkewe kama watu wengine. Edelmira ndiye aliyelitamka neno la kuuza. Alilitamka vizuri, akaongeza maharage kwenye sahani ya binti yake.

Kisha akaongeza na neno jingine. "Ila siliuzi hivi lilivyo. Lazima kwanza litengenezwe."

Hapo ndipo Septemba ilipoanza kukaribia mbio, kwa miguu minne.

Alikuja mnunuzi kutoka Santa Clara. Edelmira akamwambia arudi, anatafuta urembo wa chuma wa boneti, ule wenye umbo la ndege. Akaja mwingine; akaambiwa mlango wa nyuma haufungi sawasawa, si heshima kumuuzia mtu mlango wa namna hiyo. Wa tatu alikuwa Eulises, dereva wa abiria kati ya Palmira na Cienfuegos. Gari lake lilikuwa limemfia barabarani, naye alikuwa anahesabu siku kwa njaa. Alilizunguka Shevrole polepole, akagonga bati kwa kidole, akapiga magoti mbele ya tairi kama anaomba toba.

"Mama, nalichukua kama lilivyo," alisema. "Hata vumbi usifute."

"Vumbi ni langu. Njoo baada ya matengenezo."

"Likishatengenezwa sitaliweza, mama."

"Basi omba Mungu."

Yanela aliyasikia hayo kutoka jikoni. Mgeni alipoondoka, alitoka na mwiko mkononi, tumbo likitangulia.

"Mama, wewe hutaki litengenezwe. Wewe unataka lisitoke."

"Mimi? Nani kamwita fundi? Shemeji yangu anakuja kesho."

"Shemeji yako akianza kazi leo, mwanangu atazaliwa, atajifunza kusoma, atakuja kumshikia spana."

Edelmira akaingia jikoni kukoroga sufuria. Usiku ule aliota Leo anapiga gari rangi kwa brashi ndogo ya kupaka kucha, sehemu ndogo ndogo, akisema bado kidogo tu.

Aristides, mdogo wa marehemu Leo, alikuja kesho yake kweli, na mtungi wa kuchomelea, na maneno. Alikuwa mtu wa mipango mikubwa, hata kuchemsha yai alikuchorea ramani. Alisimama mbele ya gari, mikono kiunoni, akatabasamu kama bwana harusi.

"Shemeji, sikiliza. Hili tunalikata paa."

"Tunalikata nini?"

"Paa. Linakuwa wazi. Tunapiga pati kuziba mashimo, tunapiga rangi nyekundu, viti tunavivisha ngozi nyeupe. Mtalii akiona gari jekundu lisilo na paa, akili yake nayo inapeperushwa na upepo. Na mabinti wanaotimiza miaka kumi na tano, sherehe kubwa huku kwetu, watapangana hapa kupigwa picha, na magauni yao kama keki."

"Na mvua ikinyesha?"

"Watalii hawaji na mvua."

"Mimi sikuuliza watalii."

Aristides alicheka, akaingia kazini. Alisema ataanzia chini, maana gari ni kama mwanamke, uzuri wote unasimama juu ya miguu. Edelmira akamwambia kama ni hivyo yeye mwenyewe angekuwa ameshaanguka. Basi Aristides akang'oa mikeka ya mbele, ile ya mpira iliyokauka, na chini yake tabaka za gunia na lami. Akakwangua. Upande wa dereva sakafu ilikuwa bati la debe la mafuta ya kupikia, limenyooshwa kwa nyundo. Upande wa abiria, pale ambapo miguu ya Edelmira ilikaa miaka yote, akakwangua, akakwangua, halafu akaacha ghafla na kukohoa bila kuwa na kikohozi.

"Nini?" aliuliza Edelmira.

"Hamna kitu. Kutu tu."

"Ondoka nione hiyo kutu."

Aliinama, kikombe cha kahawa mkononi. Chini ya lami palikuwa na bati la kijani, zito, lililokatwa kwa ustadi kufuata sakafu ya gari. Juu yake palikuwa na mshale mweupe, na herufi kubwa nyeupe bado safi, maana jua halikuziona tangu ziwekwe pale: TRINIDAD.

Matone ya kwanza ya mvua yakasikika juu ya vigae.

"Usinitazame hivyo, shemeji," alisema Aristides. "Mimi nilishika tochi tu."

"Lini?"

"Zamani hizo. Sakafu ilikuwa imeoza, na Leo alisema mkewe hawezi kuvuna vumbi kwa miguu njiani. Bati hakuna dukani, hakuna popote. Tukatoka usiku kwa baiskeli. Tuling'oa bango la kwanza tuliloliona, giza totoro, hata hatukusoma."

Edelmira alikaa polepole kwenye ukingo wa kiti, miguu nje. Sasa aliikumbuka safari, si ile ya alasiri, bali ile ya kweli, ambayo alikuwa ameisahau kwa jinsi alivyoirudia vizuri.

Walikuwa wamefunga ndoa mwaka ule. Leo aliazima petroli, akavaa shati la mikono mirefu, wakaondoka kwenda Trinidad kuona bahari. Walifika njia panda. Leo akasimamisha gari, akashuka, akatazama huku, akatazama huku. Palikuwa na nguzo mbili zimesimama bila kitu katikati. Na Leo, mikono kiunoni, sauti ya mtu aliyeibiwa, alisema: "Unaona nchi hii, Edelmira? Hata alama ya barabara wanaiba. Mijitu haina haya."

Akashika njia ya kushoto. Haikuwa yenyewe. Ilizidi kuwa nyembamba, ikawa njia ya trekta, ikaishia ndani ya miwa. Mvua ikashuka, petroli ikaisha, wakalala mle garini mpaka asubuhi, wakala mihogo baridi na kipande cha jibini. Mvua ilipiga paa usiku kucha. Vyura waliimba nje, shati la mikono mirefu likawa shuka, na Leo aliapa mara kwa mara kwamba Trinidad iko hapo mbele, nyuma ya miwa, anaisikia. Hawakufika kamwe, si siku ile wala siku nyingine. Bahari ya Trinidad, mawe yake, mwanamke wa nazi, vyote Edelmira alivipika mwenyewe humu sebuleni, kwa mvua na kahawa.

Cheko lilianza tumboni, likapanda. Alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye gauni. Aristides aliona ameokoka, akacheka naye, na Yanela akaja kutoka chumbani kuuliza nani kafa.

"Baba yako," alisema Edelmira akifuta macho. "Amekufa bila kuniambia kwamba alinikalisha juu ya njia."

Alipotulia, Aristides aliwasha moto wa mtungi. "Sasa hili nalikata, naweka bati zima. Mnunuzi wa Havana akiona hili atasema tumemuuzia kopo."

Edelmira alitazama paa. Lilikuwa chini, limefifia, na bonde dogo pale Leo alipokanyaga siku moja akishusha embe. Aliwaza gari jekundu, wazi kama sahani, msichana mwenye gauni la keki ameketi juu ya ngozi nyeupe. Lingependeza, hakubisha. Lingependeza na asingelitambua hata likimgonga. Na kama angemwacha Aristides aendelee, lingekaa hapo vipande vipande mpaka Krismasi, na yeye angekaa katikati ya vipande akisema bado kidogo, bado kidogo, na mjukuu wake akilala kwenye droo.

"Zima huo moto, shemeji."

"Kwa nini?"

"Mwanangu alisema kweli. Nilikuwa nalifungia gari ndani, si kulitengeneza. Halitengenezwi."

"Utapoteza nusu ya bei."

"Ile nusu ni yako na watalii wako. Mimi nachukua yangu."

Aristides alinung'unika kwa heshima. Kisha akala wali na maharage meusi, akaenda kumwita Eulises.

Eulises alikuja ameshikilia kofia kifuani. Edelmira hakumpa nafasi ya kusifu. Alimfungulia kila kitu na kumweleza kila ila, kama mama anayemuonya mposaji. "Injini si yake, ni ya pikapu la Kirusi. Mlango wa nyuma haufungi. Likipanda mlima linalia. Na sakafu hii, tazama, ni mali ya serikali."

Eulises aliinama, akasoma, akainuka akiuma midomo asicheke.

"Mbona hukulipaka rangi, mama? Wenzako wanayapaka hata yaliyokufa."

"Ungependa nilipake?"

"Hapana. Gari la kuuza likipakwa rangi ni kama maiti aliyepakwa poda. Anapendeza, ila si wa kusafiri naye. Hili naliona lilivyo, najua pa kuanzia."

Walikubaliana bei wakiwa wamesimama, bila kuvutana sana. Jioni Eulises alirudi na betri, chupa ya petroli na tairi mbili za kuazima. Alihangaika chini ya boneti, akanyonya mpira wa petroli, akatema, akamtaja Bikira. Mara injini ikakohoa, ikatikisika, ikashika. Vyombo vililia kabatini. Moshi ulijaa sebule nzima hadi picha ya baba mkwe ukutani ikapotea, na Yanela akatoka mbio mkono puani, mwingine tumboni.

Majirani walikuwa wamejipanga kando ya mtaa kama kwenye maandamano. Eulises aliketi kwenye kiti cha dereva, ambacho hakuna aliyekikalia tangu Leo afe, akashika usukani. Edelmira alimtazama, akangoja uchungu uje. Ulikuja, ukakaa kidogo, ukasogea. Yule kijana alikuwa amekaa wima, anaogopa kugonga mlango. Alikaa kama mtu mwenye watoto wanaongoja kula.

Edelmira alizunguka, akafungua mlango wa abiria, akapanda.

"Mama, unakwenda wapi?" Yanela aliita.

"Hapo tu."

Gari liliteremka kizingiti, likaingia barabarani. Ukuta wa jirani ukapita, kweli ukapita, na mlango wa fundi viatu, na mbwa, na mtoto anayekimbia pembeni. Upepo uliingia dirishani. Ulikuwa na harufu ya petroli na vitunguu vya watu, si ya bahari, na ulimpiga usoni kwa nguvu asiyoitarajia. Alishika dashibodi kwa mikono miwili.

"Nauli, mama?" Eulises aliuliza, macho mbele.

"Itoe kwenye ile bei uliyonipunja."

Walipita duka la mkate. Mbele, mtaa uliishia na barabara kuu ya Cienfuegos ikaanza, pana, inang'aa kwa mvua ya mchana. Eulises akapunguza mwendo, akamtazama kwa pembe ya jicho.

"Niendelee, au?"

Edelmira aliitazama barabara ile kwa muda. Ilikuwa nzuri.

"Shusha hapa," alisema.

Akashuka, akaufunga mlango kwa nguvu, maana ndivyo unavyotaka kufungwa, akamwonyesha Eulises jinsi. Kisha akarudi nyumbani kwa miguu, akipita katikati ya barabara, na watu wakimsalimu kutoka barazani. Alikuta Yanela amefungua madirisha yote na anafagia moshi. Sebule ilikuwa kubwa mno. Akamnyang'anya ufagio, akamwambia akae, akaanza kupima kwa hatua pale ukuta utakapopita.