Bibi na Neno Zamani

Wiki iliyopita nilikuwa mtaa wa Hai Cinema, hapa Juba, nakula maharage kwa mama mmoja wa Uganda. Kijana wa meza ya pili akamwambia mwenzake kuwa taa ya mafuta ni kitu cha zamani. Nilicheka peke yangu, mwenzangu, maana nilimkumbuka bibi yangu. Angeweka kijiko chini na kumuuliza huyo kijana ana miaka mingapi.

Tulikuwa wakimbizi Uganda, na mimi nilizaliwa hukohuko. Kwa bibi, zamani ilikuwa ya watu ambao hakuna aliye hai aliyewaona, wale waliofika kwanza mtoni wakafyeka msitu. Ulichokiona kwa macho yako kilikuwa cha juzi, hata kama meno yameshakutoka. Nyumba yake ya Juba, aliyoikimbia kabla sijazaliwa, nayo ilikuwa ya juzi. Akikaanga simsim, harufu ikajaa uani, alianza, "Juzi, tukiwa Juba," na sisi watoto tukasogea karibu. Tulijua mlango ulitazama wapi na kuku walilala wapi.

Siku moja jirani, mama mpole tu, alikuja kuomba chumvi. Akasema, "Zamani, mkiwa na nyumba kule Juba..."

Bibi aliacha kupakua. "Hiyo nyumba si ya zamani," alisema. "Mimi iko narudi kulala huko."

Nilikuwa mdogo lakini nilielewa. Akilikubali neno lile, basi haturudi. Jirani alipewa chumvi yake, na simsim juu.

Vita vilipokwisha tulirudi. Lori lilipopita Nesitu, karibu kabisa na Juba, bibi alifunga kitambaa chake upya kama anayekwenda ukweni. Tukakuta mahali pa nyumba pana vibanda vya nguo. Nikaogopa atalia. Kisha akamwambia muuzaji mmoja, taratibu, "Mwanangu, zamani nilikuwa na nyumba hapa."

Yule akampa kiti. Bibi akakaa, akavua viatu, akauliza jioni tutapika wapi. Alikuwa amefika, na neno halikuweza tena kumzuia. Sijapata kumwona ametulia vile.

Sasa naishi Lemon Gaba, hukuhuku Juba. Bibi hayupo tena duniani, na vibanda vile navyo vimebomolewa. Neno zamani siku hizi nalisema ovyo kama watu wote, na wala halinisumbui. Ila binti yangu akisema "zamani za bibi yako," namkatiza, namwambia ni juzi. Yule nilikula naye sahani moja.