Landrova ya Kisondela

Landrova tuliyotaka kununua ilikuwa ikibeba majeneza. Mwenyewe ametuambia jioni hii, baada ya sisi kuijaribu.

Ni ya zamani, injini nzima, na ndiyo pekee tunayoimudu kwa kuwapeleka watoto shule.

Tuliiendesha kutoka Kisondela kuelekea Tukuyu, kwenye ukungu. Binti yetu alilala siti ya nyuma.

Bodaboda wa kwanza alisimama pembeni, akavua helmeti.
Wa pili pia.
Kina mama wakatua ndizi zao chini, kimya.

Mke wangu akacheka: "Kumbe tunaheshimika!"

Tulipopunguza mwendo kwenye kona, mama mmoja akasogea dirishani.
"Poleni, baba. Leo mmembeba nani?"

Akachungulia nyuma. Akamwona mtoto, amefumba macho. Akajishika mdomo.

Mke wangu alimwamsha binti palepale. Hakucheka tena.

Tuliporudi nilimwambia mzee mwenye gari kwamba tukiinunua, tutaipaka rangi nyingine.

"Rangi nilishabadilisha, mwanangu," akasema. "Watu wanaijua kwa mlio."

Anataka jibu Jumapili. Jumatatu shule zinafunguliwa.

Nyie mngewapandisha watoto?