Betri ya tatu ilinitoa mbio ukweni siku ya kujitambulisha

Wakuu, mbukwenyi!

Naandika huku nacheka, kwa hiyo mkikuta herufi zimerukwa nivumilieni.

Najua humu ndani mtu akianza uzi tu anaambiwa kapika chai. Leo sijawasha hata jiko. Yote haya yamenitokea mwenyewe, na shahidi namba moja amekaa hapa sebuleni anakunja nguo na kuniuliza nacheka nini.

Mimi ni fundi wa sola na umeme wa akiba. Kwetu Kongwa, kazi zangu nyingi Dodoma mjini na vijijini kuzunguka.

Kuna kituo cha afya huko Chamwino, sitakitaja, nilikifungia betri nne kubwa. Umeme ukikatika, hizo ndizo zinabeba thieta, mashine ya oksijeni na taa za wodi ya wazazi.

Kwa wasio mafundi: betri hizi zimeungwa mstari mmoja. Moja ikilegea, zote zinaanguka nayo. Haijalishi hizo tatu ni nzima kiasi gani.

Ndiyo maana kila moja niliiwekea sensa. Inapima joto na volti, ikiona mambo hayaendi inanitumia SMS. Niliiandikia ujumbe mwenyewe kwa Kiswahili: "Betri ya 3 inachemka. Njoo." Nilijiona mtu wa maana sana wakuu, msinicheke.

Matroni wa kituo ni mama wa Kigogo, msafi kupita maelezo. Sakafu yake unaweza kulia ugali. Anaitwa Mama Nyemo, na Nyemo ndiye binti yake aliyekuwa ananiletea ufunguo wa chumba cha betri.

Ndiyo. Ndiye huyo anayekunja nguo. Wenzangu mnapata wachumba kwenye kwaya, mimi nimempata stoo.

Sasa tatizo.

Joto la Dodoma lilipoanza kupanda kabla ya mvua, betri ya tatu ikaanza kunitafuta. Inachemka. Njoo. Inachemka. Njoo.

Nampigia matroni. "Shikamoo mama. Nakuja leo kuziangalia betri."

"Marahaba mwanangu. Njoo tu, tunakusubiri."

Napiga shoti na pikipiki mpaka mgongo unauma, nikifika naingia chumbani, naigusa ile betri. Imepoa. Naipima, iko salama. Nafunga mlango, naaga, narudi. Sijafika hata mjini, mfukoni: inachemka, njoo.

Mchezo huu ulirudiwa mpaka nikaona aibu. Nikabadilisha sensa, mpya kabisa, mambo yaleyale. Nyemo akaanza kunitania, "Hiyo betri inakupenda. Ikikuona tu homa inashuka."

Mafundi wenzangu wakaniambia nizime hizo SMS, vifaa vyenyewe vya kubahatisha, nitajitia presha bure. Na kusema kweli kidole kilishafika kwenye kitufe.

Sikuzima, kwa sababu moja. Siku moja nikiwa pale nilimwona mama ana kichanga kimewekewa oksijeni. Amekaa pembeni ya kitanda, na macho yake hayakuwa kwa mtoto, yalikuwa kwenye mashine. Anaitazama ile taa ndogo ya kijani kana kwamba akipepesa itazimika. Nikajisemea, acha simu ipige kelele.

Tuje kwenye siku yenyewe. Mkao wa kula tafadhali.

Jumamosi, nakwenda kujitambulisha ukweni. Nyumba ya Mama Nyemo ni ya watumishi, iko nyuma ya kituo kabisa, na siku hiyo alikuwa mapumziko kwa ajili yetu. Tumetoka Kongwa na Noah ya mjomba wangu, ambaye ndiye mshenga, pamoja na shangazi zangu wawili waliojipamba kama wanaolewa wao. Mimi nimo ndani ya suti ya kuazima, mikono inaishia karibu na viwiko.

Mjomba alishanipa masharti garini. Kaa chini, tazama chini, usijibu usichoulizwa, zima simu.

Simu sikuzima. Niliweka mtetemo.

Sebule ya mama mkwe, wakuu, waliolelewa kwenye nyumba za hivi watanielewa. Kila kitu kina kitambaa. Televisheni ina kitambaa, redio ina kitambaa, friji ina kitambaa, jagi la maji lina kikofia chake chenye shanga. Vumbi la kwetu mnalijua, usipofunika kitu asubuhi, jioni unaweza kupanda mtama juu yake. Makochi yamevaa makava mapya ya satini ya rangi ya damu ya mzee, ndani yametiwa sponji, yana marinda ya dhahabu.

Nikaona, nikafurahi, nikasahau. Laiti ningejua.

Mzungumzaji wa upande wao ni baba mdogo wa Nyemo, mzee mwenye sauti nzito. Alianza kwa kutuomba radhi kwamba daktari wa kituo alitamani kuja lakini kuna mama anapasuliwa thieta, mtoto kakaa vibaya. Tukaitikia, Mungu amsaidie.

Hapo hapo feni ikasimama. Umeme umekatika.

"Msiwe na wasiwasi," Mama Nyemo akasema huku ananitazama kwa fahari, "jenereta limepelekwa mjini kwa fundi, lakini betri za mwanetu zipo."

Shangazi zangu wakanipigia vigelegele. Nikavimba kichwa.

Pajani: brrr. Betri ya 3 inachemka. Njoo.

Nikajikausha. Brrr. Tena. Halafu ikaja ambayo sikuwahi kuiona tangu nifunge mfumo ule: volti inashuka.

Mjomba akanikanyaga mguu. Brrr. Shangazi mmoja akanikazia macho. Brrr. Baba mdogo akakata maneno yake katikati, akaniambia taratibu, "Kijana, kuna mtu anakuhitaji sana."

Nyemo kasimama mlango wa jikoni na sinia, uso wake unasema huyo mtu na ajulikane leo leo.

Wakuu, jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi. Nikisimama, nimewavunjia wakwe heshima. Nikikaa, kuna mama pale nyuma ya ukuta tumbo liko wazi.

Nikasimama.

"Wazazi wangu naomba radhi. Betri inaungua, na thieta kuna mtu." Nikatoka mbio, suti ikatoa sauti ya kuchanika mahali ambapo sitapataja.

Nikasukuma mlango wa chumba cha betri, siku hiyo haukuwa umefungwa na ufunguo. Joto likanipiga usoni kama nimefunua sufuria. Dirisha limefungwa, chini ya mlango kuna tambara la kuzuia vumbi.

Na betri zangu nne zimevaa.

Satini ya damu ya mzee. Sponji ndani. Marinda ya dhahabu. Sare na makochi! Juu ya inveta, lile boksi linalogeuza umeme wa betri uwe wa kawaida, kumetandikwa kitambaa cheupe kilichodariziwa "Karibuni Wageni", na juu ya kitambaa, chombo cha maua ya plastiki.

Nilisimama pale nimeduwaa, nataka kucheka, nataka kulia. Nikaanza kuvua makava. Moja, mbili, ya nne. Kava la ya tatu likagoma kutoka, kwa sababu betri yenyewe ilikuwa imevimba mpaka imelijaza.

Dirisha la thieta pale jirani likafunguliwa na muuguzi, ndani sauti ya daktari: "Fundi, ni wewe? Taa zinafifia! Mtoto bado hajatoka!"

Mjomba naye ndio anafika, anahema, kidole kiko juu tayari kunigombeza. Kwenye hicho kidole ufunguo wa Noah unaning'inia.

"Mjomba, naomba betri."

"Betri ipi?"

"Ya gari."

"Wewe mjomba! Kongwa tutarudije?"

Daktari akapaza sauti tena. Mjomba akaenda kufungua boneti.

Mafundi wa humu najua mnashika vichwa. Kuchanganya betri ya gari na zile ni makosa, nakubali, msinifungulie kesi. Nilikuwa natafuta ya kuvusha tu, siyo ya kukaa.

Ila ili nibadilishe, lazima kila kitu kizime kwanza. Nikamwambia daktari. Akajibu, "Mapazia yafunguliwe, simu zote ziwashwe tochi. Zima, ila fanya haraka!"

Mama Nyemo alinipita pale mlangoni kama upepo. Kitenge kipya cha sherehe kakifunga kiunoni, anakwenda kunawa aingie thieta kumpa mgonjwa hewa kwa mkono mashine ikisimama.

Nikazima. Nasema wazi, niliogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Mjomba ananishikia spana na koti. Nikafungua nati, nikaitoa ile mgonjwa, nikaingiza ya Noah, nikakaza, nikawasha.

Inveta ikalia mlio wake mmoja. Taa zikarudi.

Tukasimama uani tukitegea sikio dirisha la thieta. Shangazi mmoja anasali na kiatu mkononi.

Kisha tukasikia mtoto analia. Analia kwa hasira kabisa, kama aliyecheleweshewa chakula!

Wakuu, palichimbika. Shangazi zangu vigelegele, ndugu za mgonjwa vigelegele, baba mdogo kavua kofia anaipunga. Mjomba, mshenga, mtu wa heshima zake, anacheza mbele ya Noah iliyoachama boneti. Nyemo akaja akanishika mkono mbele ya watu wote, sinia kalitupa sijui wapi.

Baadaye Mama Nyemo akatoka, akaniambia mama na mtoto wazima wote. Halafu akaona makava yake chini.

"Nani kazivua?"

"Mimi, mama."

"Nilizivalisha kwa ajili yako. Nikajua ndugu zako watapenda kuona kazi ya mkwe wangu, wasizikute na vumbi. Siku zote nazifunika na mashuka, ila ukisema unakuja kufanya kazi nayatoa, usije ukayapaka grisi."

Nikakaa chini sakafuni na suti ya watu nikacheka mpaka machozi. Nikija kama fundi, zinavuliwa na kupoa. Leo nimekuja kama mkwe, zimepewa nguo za heshima!

Yeye hakucheka. Aliweka kiganja kwenye ile iliyovimba, akakiondoa haraka. "Kumbe nilikuwa naziua mwenyewe?"

Nikamwambia hapana mama, hakuna aliyekuambia kwamba na zenyewe zinapumua. Na huo ndio ukweli. Niliipanga simu iniambie kila kitu, ila yule anayeishi na zile betri kila siku sikuwahi kukaa naye nikamweleza zinaogopa nini. Uangalizi wa betri ni sensa pamoja na watu. Kimoja bila kingine utakimbizana na pikipiki kama mimi.

Noah haikuwa na betri, kwa hiyo hatukuondoka. Tukala, tukala tena. Mjomba alipotaka kuendelea na hotuba yake ya ushenga, baba mdogo akamkatiza. "Mtu amekuja kuposa akatuachia na betri ya gari. Tumnyime binti kwa kosa gani?"

Basi. Mambo yakaisha hivyo.

Siku hizi SMS zinakwenda kwa mama mkwe pia, na ananiwahi. Naamka nakuta kaniandikia, "Baba, ya nne leo siielewi." Betri zote zilibadilishwa, chumba kina feni, dirisha lina wavu.

Tulipohamia kwetu baada ya harusi alikuja kutupangia nyumba. Akafungua begi la vitambaa. Televisheni ikavaa. Friji ikavaa. Hata kile kiboksi cha intaneti kikapata kofia.

Akafika kwenye betri yetu ndogo ya sola pale kona. Ana kitambaa mkononi, kizuri kweli, chenye maua ya zambarau. Akasimama. Akaigusa kwa kiganja kama anayempima mtoto homa.

"Huyu mzima," akasema, akakikunja kitambaa akakirudisha kwenye begi.

Haya wakuu, kabla ya kukoment inukeni kidogo mkaangalie kwenye kona za nyumba na ofisi zenu. Kisha rudini mnitajie: huko kwenu kitambaa kimefunika nini?