Chetezo Kinapofika Kwangu

Nyumbani kwangu hapa Malindi hakuna chetezo cha kufukizia udi. Mgeni akiingia huona sakafu isiyo na zulia, mapazia mepesi ninayoyafua kila Jumamosi, na jiko la gesi mahali ambapo wenzangu wana la makaa. Hudhani nimefilisika. Sijafilisika, nina pumu, na kwa miaka mingi niliona afadhali nidhaniwe hivyo.

Siku yangu huanza kwa pampu ya dawa ya rangi ya kahawia. Naitikisa, natoa pumzi yote, navuta, nashikilia hadi kumi, kisha nasukutua. Ile ya samawati, ya kuniokoa kifua kikibana, hukaa mfukoni ndani ya kitambaa cha mkono. Kitambaa ni funzo la mama. Nilipokuwa kigori aliniambia, "Mwanangu, ukisema una pumu, nani atakuposa?" Mficha maradhi kifo humuumbua, na mama aliijua methali hiyo vizuri, lakini aliogopa zaidi binti asiyeposwa. Basi nikaficha. Nikaolewa, nikaachwa, wala pumu haikuhusika. Mume mwenyewe alikuwa maradhi tosha. Aliondoka yeye, kuficha kukabaki.

Nilifundisha shule ya msingi hadi nikastaafu, na vumbi la chaki halikunishinda. Kilichonishinda ni udi. Kwetu mwanamke hatoki arusini wala ziarani bila kufikiwa na chetezo. Makaa mekundu, udi juu yake, kikapita mkono kwa mkono. Kila mmoja hunyanyua buibui, akaupokea moshi, akafukiza nywele, akampa aliye ubavuni. Kikinikaribia mimi, nilikuwa nakumbuka ghafla kwamba nimeacha nguo zimeanikwa. Mara ya tano, ya sita, watu wakaanza kusema. Wengine walisema mwalimu anaringa. Wengine, kwa sauti ya chini iliyotosha nisikie, walisema anayekimbia moshi wa udi ana shetani wake. Ningeweza kutoa pampu nikawaonyesha. Nikaona heri shetani. Mialiko ikapungua, nikabaki na redio.

Mtu mmoja tu aliendelea kuja: binti wa dada yangu. Kila Jumapili, tangu yuko sekondari, alikuja kula wali wangu wa nazi na kunicheka namna ninavyofuta vumbi. Alipoposwa alinijia mbio. "Khalati, nataka wewe ndiwe unifukizie nguo za arusi." Kwetu kazi hiyo hapewi mtu wa mbali. Nilikuwa nimeingojea heshima hiyo tangu azaliwe. Nikamwambia macho yangu hayapendi moshi. Aliniangalia kidogo, akasema, "Haya. Basi uje tu."

Nikaenda. Nilikaa uani, mbali na chumba cha bibi arusi, nikisikiliza vigelegele vya watu ninaowajua wote. Mara mbili niliingia chooni kuvuta dawa. Jioni akatoka yeye mwenyewe kuja kuniaga, maana alikuwa anahamia Mariakani kwa mumewe. Akafungua mikono. Nguo zake zilikuwa zimefukizwa tangu asubuhi. Nikabana pumzi, nikamkumbatia, nikahesabu moyoni: moja, mbili, tatu, nne. Kwenye tano pumzi ilinitoroka, kifua kikapiga mluzi, nikamsukuma. Sikumwachia, nilimsukuma.

"Khalati," akasema, wanja ukianza kumtiririka, "nimekukosea nini?"

Sikuwa na pumzi ya kumjibu. Nikakimbilia chooni. Nilipotoka, gari la bibi arusi lilikuwa limeshaondoka.

Miezi ikapita bila simu yake, nami sikupiga. Siku ya Idi nilipika wali wa watu wawili kwa mazoea, nikaula peke yangu hadi kesho yake. Nilikuwa mpweke, na kilichoniuma zaidi ni kwamba upweke huo niliusuka mwenyewe, ukili kwa ukili. Mwishowe nikamtumia ujumbe wa sauti, mrefu, nikamweleza yote: mama, kitambaa, nguo za uongo kwenye kamba, choo, hesabu ya tano. Siku hiyo hakujibu. Siku ya pili pia hakujibu.

Jumapili nikasikia hodi. Alikuwa amesimama nje ya mlango.

"Shikamoo, khalati."

"Marahaba. Mbona huingii?"

"Hizi nguo nimezifua mara mbili, wala sijajifukiza. Lakini naogopa nisije nikakudhuru. Nitakaa papa hapa."

Akaketi kizingitini, mkoba mapajani, kama mtu aliyekuja kuleta salamu na kurudi. Nilidhani nikisema ukweli atakaribia, kumbe nimempa sababu ya kukaa mbali.

Nikatoa kitambaa mfukoni, nikakifungua mbele yake. Niliona haya, na umri wangu huu. Nikaitikisa pampu ya samawati, nikavuta, nikashikilia pumzi huku akinitazama. Tangu mama afe, hakuna mtu aliyewahi kuniona nikifanya hivyo.

"Njoo, mwanangu," nikamwambia.

Akaja. Alinukia sabuni ya kufulia tu. Nikamkumbatia, na mara hii sikuhesabu.