Kibuyu Kilicholia Kikiguswa

Hapana, sikuyanywa. Najua bado hamjauliza, lakini nyumbani kwetu Uru walikuwa wanauliza kila siku, nami nimezoea kuanza na jibu. Harufu ya kibuyu cha maziwa mgando kilichofukizwa moshi, mpaka leo ikinipata mgongo unajikunja wenyewe, maana nyuma yake ilikuja fimbo. Maziwa yalikuwa yanapungua, na mama alikuwa na mtoto mmoja tu wa kumshuku. "Hebu toa ulimi! Mweupe, umekunywa!" Ulimi wa mtoto una rangi gani nyingine, jamani?

Kaka yangu Aloisi ndiye aliyejitia kuniokoa. Alikuwa anajifunza ufundi wa redio Moshi mjini kwa Singasinga mmoja, akarudi Jumamosi na sauti isiyo yake, ya puani: "Mwizi tutamkamata kisayansi." Akabandika kwenye kibuyu karatasi za kung'aa za pakiti ya sigara, vipande viwili visivyogusana, akavivutia nyaya mpaka kwenye betri, spika ya redio iliyokufa, na vidudu fulani vyenye miguu mitatu, mwenyewe akiviita transista. Ukishika kibuyu, akasema, umeme mdogo mno unapita mkononi mwako, vidudu vinaukuza, spika inalia. Nikashika. Ikalia kama mbuzi aliyekanyagwa. Nikaruka kwa furaha: nimepona!

Nimepona wapi! Mama akisuuza kibuyu, maji yanaunganisha karatasi, kinalia. Ndama akiramba, kinalia. Tunalala nyumba moja na bibi na ng'ombe, ukungu wa mlimani unaingia mpaka kitandani, kipi kisicholowa? Kila kikilia naacha majani ya ng'ombe nakimbia nimwone mwizi, mama anafika nyuma yangu, ananikuta peke yangu mbele ya kibuyu. "Umeona? Hata mashine imekutaja!" Haijataja mtu, mama! Debe tupu haliachi kuvuma. Siku hizi wajukuu wangu wanapapasa simu, nayo inamjua mwenye kidole. Ile yetu ilijua kuguswa tu, na mgongo ulikuwa wangu.

Jumapili moja mchana, Aloisi yupo nyumbani, kikalia tena. Mama akanidaka sikio mlangoni, hata sijaingia. Aloisi akaja mbio, puani, "Sasa kisayansi..." Ndani, pembeni ya zizi, bibi mzaa baba alikuwa amekumbatia kibuyu, spika inapiga mayowe miguuni pake, maziwa yamemchora masharubu. Akatutazama mmoja mmoja.

"Nakunywa mimi. Mlishaniuliza?"